Kabla ya Dawa ya Homoni, Tazama Shingo na Chumvi

Siku hizi ukisema umechoka, utaambiwa ni homoni. Hedhi ikiruka mwezi, homoni. Binti akitoka chunusi, baba akikosa hamu ya tendo la ndoa, mama akinenepa ilhali hali kupita kiasi, jibu ni lile lile: homoni zimevurugika. Na mara nyingi anayetoa jibu hilo ana chupa au pakiti ya unga mkononi, iwe ni gulioni, ndani ya basi la Kasulu kwenda Kibondo au kwenye kundi la WhatsApp. Sikatai kwamba homoni huvurugika. Huvurugika kweli, na madhara yake ni makubwa kuliko wauzaji wenyewe wanavyojua. Hoja yangu ni kwamba kauli ya "homoni zimevurugika" haijawa ugonjwa mpaka maswali matatu yajibiwe: ni homoni gani, inatoka tezi ipi, na imepimwa kwa kipimo gani. Kwa mtu anayeishi Munanila, Manyovu au popote pale katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, tezi ya kwanza kuulizwa ni ile iliyo shingoni, na kitu cha kwanza kukaguliwa ni chumvi ya jikoni.

Homoni ni kemikali ambazo tezi humwaga kwenye damu ili kuviamrisha viungo vilivyo mbali nazo. Kongosho hutoa insulini inayosimamia sukari. Tezi zilizokaa juu ya figo hutoa kotisoli, inayosaidia mwili kuhimili maradhi na mishtuko. Ovari na korodani zina homoni zake za uzazi, na chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayozichunga nyingine nyingi. Kila moja ina kiwango chake, na kila moja inaweza kuharibika kwa njia mbili zinazopingana: kupungua au kuzidi. Kwa sababu hiyo, dawa inayosifiwa kuwa "inasawazisha homoni zote" inajikanusha yenyewe. Chukua wanawake wawili ambao hedhi zao zimebadilika na wote wamechoka mno. Mmoja tezi yake ya shingo imelegea, mwingine ya kwake inafanya kazi kupita kiasi. Wa kwanza anahitaji kuongezewa homoni, wa pili anahitaji kupunguziwa. Hakuna unga wa mimea unaoweza kuingia tumboni, ukatambua umemwingia nani, kisha ukaamua uongeze au upunguze.

Kwa nini basi tuanze na shingo? Tezi ya shingo, ile yenye umbo la kipepeo chini ya koromeo, hutengeneza homoni zake kwa kutumia madini joto. Hakuna malighafi mbadala. Homoni yake kuu hubeba chembe nne za madini joto, na ile yenye nguvu zaidi hubeba tatu. Madini hayo yakikosekana kwenye chakula, tezi hujitanua ikijaribu kunasa hata kile kidogo kinachopita kwenye damu, na hapo ndipo linapotokea rovu, au goita kama wengi wanavyoliita. Madini joto asili yake ni baharini. Katika nchi za milima zenye mvua nyingi, mvua za karne na karne zimeyasafisha kutoka kwenye udongo na kuyapeleka mtoni. Mihogo, maharage, ndizi na mahindi yanayoota kwenye udongo huo huyakosa, na anayevila vyakula hivyo huyakosa pia, hata kama shamba lake linastawi na sahani yake imejaa. Unaweza kushiba kila siku hapa nyanda za juu na bado tezi yako ikawa na njaa.

Hili limepimwa. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilihusika na upimaji wa shingo za watoto wa shule katika wilaya zilizoathirika. Katika wilaya hizo, miaka ya 1980, watoto 61 katika kila 100 walikuwa na tezi iliyovimba. Kuanzia mwaka 1986 serikali iligawa kapsuli za mafuta yenye madini joto katika wilaya 25 zilizokuwa na hali mbaya zaidi, Kasulu na Kibondo zikiwemo, wakati Buhigwe na Kakonko zilikuwa bado sehemu ya wilaya hizo. Miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuweka madini joto kwenye chumvi ya kuliwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta kwamba katika wilaya zilizopimwa tena, 61 wale wamekuwa 12 na kidogo, na kwa nchi nzima ni takriban 7 katika kila 100. Sijui dawa ya homoni ya gulioni inayoweza kuonyesha hesabu ya namna hiyo. Ila hesabu hiyo hiyo ina onyo ndani yake: ushindi ule uliletwa na chumvi, na chumvi ni ya kila siku. Udongo haujabadilika. Kaya ikirudi kwenye chumvi isiyo na madini joto, tezi hurudi kulekule.

Madhara yenyewe hayaanzii kwenye uvimbe unaoonekana, na ndiyo maana watu wengi huyapita. Homoni ya tezi ya shingo ndiyo inayopanga mwendo wa mwili mzima: kasi ya moyo, joto, usagaji wa chakula, uchangamfu wa akili, mzunguko wa hedhi. Ikipungua, mtu huona baridi wakati wenzake wamevua makoti, ngozi hukauka kama aliyepakwa majivu, choo kinakuwa kigumu, sauti inakwaruza, uso unavimba kidogo asubuhi, uzito unaongezeka kilo chache, hedhi inakuwa nzito au inapotea, mimba inakataa kushika au inaharibika. Mtu hulala saa nyingi na kuamka amechoka. Jirani huita uvivu, mume huita kiburi, mwalimu huita uzito wa kichwa. Ikizidi, mambo hugeuka: moyo unakwenda mbio hata mtu akiwa ameketi, mikono inatetemeka kiasi cha kumwaga chai, jasho linatoka usiku, mtu anakula vizuri lakini anakonda, usingizi haupatikani, na kwa wengine macho yanatokeza nje. Huyu naye husemwa kwamba ana virusi au amerogwa. Sina haja ya kueleza ni ndoa ngapi zinaweza kuvunjika kwa tafsiri za namna hiyo.

Hapa lazima niweke tahadhari, maana orodha ya dalili ni mtego. Uchovu, baridi na kukosa nguvu ni dalili pia za upungufu wa damu, malaria sugu, minyoo, kisukari, huzuni ya muda mrefu na mimba changa. Anayesoma orodha niliyoitoa na kujiona ndani yake asihitimishe kwamba tezi yake ni mbovu. Ahitimishe jambo dogo zaidi, kwamba ana sababu ya kupimwa. Kipimo cha wingi wa damu na cha sukari hupatikana kwenye vituo vingi vya afya, na ni busara vifanyike kwanza kwa sababu ni rahisi na matatizo hayo mawili ni ya kawaida zaidi.

Anayeumia kuliko wote hawezi kulalamika, kwa kuwa hajazaliwa. Katika wiki za mwanzo za ujauzito mtoto hana tezi inayofanya kazi. Tezi yake huanza kunasa madini joto karibu na wiki ya 10 hadi ya 12, na kabla ya hapo ubongo wake hujengwa kwa homoni za mama peke yake. Mama akiwa na upungufu mkubwa, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, mfupi, na mwenye akili iliyodumaa bila njia ya kuirudisha. Jambo hili lilithibitishwa milimani Papua New Guinea, ambako wanawake waliodungwa mafuta yenye madini joto kabla ya kushika mimba walinusurika na janga hilo kwa kiasi kikubwa kuliko waliopewa sindano isiyo na kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha mikrogramu 250. Mama wengi huanza kliniki mimba ikiwa imeshafika miezi minne au mitano. Vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama atapewa siku hiyo vina kazi yake, lakini dirisha la madini joto lilikuwa limefunguka wakati yeye mwenyewe bado hajajua kama ni mjamzito. Kwa hiyo chumvi ya msichana aliye kwao, ambaye hajaolewa wala hafikirii mtoto, ni chumvi ya mjukuu.

Mpinzani aliyesoma atanikumbusha kwamba ushahidi wa Tanzania wenyewe una utata, na atakuwa na haki. Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha utafiti kuhusu zile kapsuli, wakasema watoto ambao mama zao walizipata wakiwa na ujauzito walisoma zaidi kwa kati ya theluthi moja na nusu ya mwaka, na wasichana walinufaika zaidi ya wavulana. Habari hiyo ilienea sana. Baadaye Niklas Bengtsson na wenzake walirudia kazi hiyo, na hawakuiona faida ile kama ilivyokuwa imeelezwa. Nisingependa msomaji adhani kwamba mabishano hayo yanaibomoa hoja. Kinachobishaniwa ni kama kapsuli zilizogawiwa kwa vipindi, katika wilaya kubwa zenye barabara mbovu, ziliongeza madarasa ya shule kwa kiasi kinachohesabika. Kwamba upungufu mkubwa wa madini joto kwa mama huharibu ubongo wa mtoto si jambo linalobishaniwa. Anayekuambia kwamba chumvi itamfanya mwanao awe wa kwanza darasani anakuuzia maneno. Chumvi inamwondolea kizingiti kimoja tu, kilichowekwa na udongo.

Kuna mhogo pia, na mkoani Kigoma huwezi kuzungumzia chakula bila kuugusa. Mihogo michungu ina sumu ya sayanidi. Mwili ukiipunguza makali, huigeuza kuwa kemikali nyingine inayoizuia tezi kunasa madini joto. Somo hili lilipatikana si mbali na hapa, katika kisiwa cha Idjwi ndani ya Ziwa Kivu, ambako watafiti wa Kibelgiji miaka ya 1960 walikuta watu wa sehemu mbalimbali za kisiwa wana upungufu ule ule wa madini joto, lakini rovu limejaa kaskazini na ni la nadra upande wa kusini magharibi. Kazi iliyofuata iliuelekezea mhogo kidole. Maana yake si kwamba tuache ugali wa mhogo; nani ataacha? Mhogo hudhuru tezi pale tu madini joto yanapokosekana na maandalizi yanapoharakishwa. Mihogo michungu iliyomenywa, ikalowekwa siku tatu au zaidi hadi ikalainika, kisha ikaanikwa vizuri, imepoteza sehemu kubwa ya sumu. Hatari hupanda miaka ya njaa, mihogo inapong'olewa leo na kusagwa kesho kutwa. Kama unga una mashaka, kuna njia nyepesi inayofundishwa katika maeneo yaliyopatwa na konzo, ugonjwa unaotokana na sumu hiyo: changanya unga na maji hadi ulowe, utandaze mwembamba juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano ili sumu ipae, ndipo usonge ugali siku hiyo hiyo.

Sasa chumvi yenyewe. Watu wa mkoa huu wanajivunia Uvinza, na kwa haki, kwa kuwa pale ambapo Mto Ruchugi unaingia Malagarasi maji ya chumvi yamechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi hiyo ilikuwa mali ya biashara kabla ya Mjerumani na kabla ya reli. Lakini chumvi inayotoka chini ya ardhi haina madini joto ya kutosha mpaka iongezewe kiwandani, na hata chumvi ya bahari, kinyume na wengi wanavyodhani, ni hivyo hivyo: bahari ina madini joto, ila maji yakikaushwa kwenye mabwawa ya chumvi yanayobaki ni machache mno. Kwa hiyo usinunue chumvi kwa asili yake wala kwa weupe wake. Nunua iliyofungwa, yenye maandishi kwamba ina madini joto na jina la aliyeitengeneza. Ile ya mawe inayopimwa kwa kopo kutoka kwenye gunia lililo wazi inaweza kuwa ilitoka kiwandani ikiwa nzuri, lakini gunia lililokaa kibarazani likinyeshewa na kupigwa jua wiki kadhaa hupoteza madini yake, kwa sababu unyevu huyayeyusha na kuyashusha chini pamoja na maji yanayochuruzika. Chumvi ya mifugo na ya kukausha ngozi isiingie jikoni kabisa. Ukifika nyumbani, mimina kwenye chombo chenye mfuniko, kikae mbali na mafiga, na uitie kwenye maharage yakiwa karibu kuiva badala ya mwanzoni. Ukitaka kuhakikisha, muulize mtoa huduma ya afya au afisa afya wa kata kuhusu kile kipimo cha matone: tone moja kwenye chumvi yenye madini joto huigeuza rangi kuwa ya bluu iliyokoza, na chumvi tupu hubaki nyeupe. Shule inaweza kuwaambia watoto walete kila mmoja kijiko cha chumvi ya kwao, na kwa nusu saa kijiji kizima kikajulikana kinakula nini.

Wenye shinikizo la damu hushtuka hapa, kwa kuwa wameambiwa wapunguze chumvi. Wapunguze. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Hesabu ni hii: chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo, ikiliwa gramu 5, humpa mtu mikrogramu 150, yaani mahitaji yake yote ya siku. Hakuna ugomvi kati ya mashauri haya mawili. Punguza kiasi, lakini hicho kidogo unachokula kiwe chenye madini joto. Wengine husema wanakula dagaa, basi wako salama. Samaki wa baharini wana madini joto mengi. Dagaa na migebuka ya Tanganyika ni chakula bora sana kwa nyama na mifupa ya mwili, ila ni samaki wa maji baridi, na kwa madini joto hawafikii wale wa baharini. Na yule anayesema mababu waliishi bila haya yote, nitamwomba akumbuke shingo za wazee wa zamani. Waliishi, ndiyo. Na rovu waliishi nalo, na watoto waliokuwa viziwi wakahesabiwa kuwa kazi ya Mungu.

Pingamizi ambalo mimi nalipa uzito zaidi ni hili: madini joto nayo yakizidi hudhuru. Ni kweli. Mtu aliyekaa na upungufu kwa miongo, hasa mzee mwenye rovu lenye mabonge, akipewa madini joto mengi kwa ghafla, mabonge yale yanaweza kuanza kumwaga homoni bila kizuizi. Miaka ya 1990 madaktari waliripoti wagonjwa wa namna hiyo Zimbabwe na Kivu, baada ya chumvi yenye madini joto mengi kuingia sokoni. Jawabu lake ni kuweka kiwango sahihi viwandani, na kuwafuatilia wazee wenye rovu. Kuinyima jamii nzima chumvi hiyo kungerudisha watoto viziwi ili kumwepusha mzee mmoja na moyo kwenda mbio, ilhali mzee huyo anatibika. Kwa mtu binafsi funzo ni jepesi: chumvi inatosha. Usinywe dawa ya vidonda yenye ayodini, ambayo ni madini joto yale yale, na usinunue vidonge vya mwani wa baharini vinavyosifiwa kuwa ni vya tezi.

Kuikagua shingo ni kazi ya dakika mbili. Simama mbele ya kioo mchana, inua kidevu kidogo, chukua funda la maji ulimeze ukitazama sehemu iliyo chini ya koromeo. Tezi hupanda na kushuka pamoja na funda. Kitu kinachojitokeza na kupanda pale, upande mmoja au pande zote mbili, kinastahili kuonwa na daktari. Wahudumu wa afya kwa miaka mingi walitumia kigezo rahisi: kila upande wa tezi ukiwa mkubwa kuliko pingili ya mwisho ya kidole gumba cha huyo huyo anayepimwa, tezi imevimba. Kisha usichanjwe. Wembe hauna njia ya kutoa rovu, na shingoni ndimo ilimo mishipa mikubwa ya damu. Rovu dogo la mtoto huweza kurudi kadiri madini joto yanavyopatikana. La mtu mzima lililokwisha kuwa na mabonge, chumvi haitaliondoa, na likibana pumzi au chakula ni kazi ya daktari wa upasuaji. Bonge linalokua haraka, lililo gumu, au linaloandamana na sauti kukwama wiki nyingi, lisingoje mavuno yauzwe.

Kipimo chenyewe ni cha damu. Kinaitwa TSH, na hupima amri inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye tezi: ikiwa juu, maana yake ubongo unapiga kelele kwa sababu tezi imelegea, ikiwa chini sana, tezi imezidisha. Zahanati haina kipimo hiki. Anza Kasulu au Kibondo kwenye hospitali, uulize kama wanapima au wanapeleka sampuli kwingine, na kama hakuna basi hospitali ya Maweni mjini Kigoma. Tiba ya tezi iliyolegea ni kidonge kimoja cha levothyroxine kila asubuhi tumbo likiwa tupu, nusu saa au saa nzima kabla ya chai, mara nyingi kwa maisha yote. Si kidonge cha mwezi mmoja, na kukiacha kwa sababu umejisikia vizuri ndiyo njia ya kurudi ulikotoka. Anayekitumia akishika mimba asingoje tarehe ya kliniki, kwa kuwa dozi yake huhitaji kuongezwa mapema. Tezi iliyozidi hutibiwa kwa carbimazole, na anayeimeza akipata homa na koo kuuma aende hospitali siku hiyo hiyo, maana mara chache dawa hii huangusha chembe nyeupe za damu.

Si kila kitu ni shingo, na hapa nitapita upesi. Hedhi kukosekana kwa anayetumia sindano ya uzazi wa mpango ni jambo la kawaida, na baada ya sindano ya mwisho mimba inaweza kuchelewa, kwa wastani miezi 10 hivi, bila ugonjwa wowote. Anayenyonyesha, anayekaribia kukoma hedhi na binti aliyevunja ungo juzi, wote hedhi zao huyumba kwa asili. Mwenye hedhi za kuruka miezi mingi pamoja na ndevu na chunusi anaweza kuwa na vivimbe vya ovari, na hilo lina vipimo vyake. Kiu, mkojo wa mara kwa mara na kukonda ni dalili za kukosekana kwa insulini: pima sukari leo. Na mwanaume naye ana tezi zile zile; hamu iliyopotea huweza kuwa tezi ya shingo, sukari, pombe au dawa ya presha, na hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa mizizi ya kuongeza nguvu.

Ila kuna mvurugiko mmoja ambao hununuliwa kwa fedha taslimu, nao nitautazama kidogo. Mafuta mengi ya kujichubua huchanganywa na betamethasone au clobetasol, na vidonge vya kunenepesha mwili na makalio mara kwa mara ni dexamethasone. Hizi zote ni ndugu za kotisoli. Anayezitumia miezi mingi hupata uso wa mviringo, mistari ya zambarau tumboni, sukari na presha kupanda, ngozi kuwa laini hadi kuchanika, na ndani yake tezi za juu ya figo zinalala kwa kuwa hazina tena kazi. Akiziacha ghafla, kisha akaugua malaria au kufanyiwa upasuaji, mwili unakosa homoni ya kuhimili na anaweza kuanguka na kufa. Anayetaka kuacha apunguze chini ya uangalizi wa daktari. Na dawa yoyote ya "mitishamba" inayomwondolea mtu maumivu, uchovu na kukosa hamu ya kula kwa siku mbili tu, mimi ningeishuku kwamba kuna kidonge kimesagwa ndani yake.

Nitaambiwa kwamba hospitali ni mbali, nauli ni ghali, na muuza dawa yuko hapa. Naelewa, na kwa sababu hiyo napanga matumizi kwa mafungu. Fedha ya kwanza ni ya chumvi iliyofungwa, nayo ni ndogo kuliko bei ya chupa yoyote ya homoni. Kukagua shingo hakuna gharama. Fedha ya pili ni ya kipimo cha wingi wa damu na cha sukari hapo karibu. Kama hivyo viko sawa na dalili zimedumu zaidi ya mwezi mmoja au miwili, au shingo imevimba, ndipo nauli ya kwenda hospitali, na iende mara moja na matayarisho. Andika kwenye karatasi tarehe za hedhi tatu zilizopita, dawa zote unazomeza, sindano ya uzazi wa mpango uliyochomwa mwisho, na nani katika ukoo ana rovu au sukari. Beba pia makopo na pakiti zote, pamoja na mafuta unayojipaka, hata yale unayoona aibu kuyaonyesha. Na kama unatumia vidonge vya kukuza nywele na kucha vyenye biotini, viache siku mbili kabla ya kutolewa damu, kwa kuwa vinaweza kupotosha majibu ya kipimo cha tezi na ukarudi nyumbani na ugonjwa ambao huna.